Si Urembo, Ni Tiba Iliyoachwa Njiani



Wapendwa waamini, juma hili tulikusudia kutafakari pamoja nanyi juu ya maandalizi ya Kipaimara. Tunaomba radhi kwa kuliahirisha jambo hilo. Siku ya Jumanne tuliletewa barua, karatasi moja tu yenye mhuri na saini, na tangu tulipoisoma hatujapata utulivu wa kuandika juu ya jambo jingine.

Barua hiyo aliandikiwa mama mmoja wa parokia yetu, ambaye ametupa ruhusa ya kusimulia habari zake bila kutaja jina lake wala jumuiya yake. Miaka mitatu iliyopita mama huyu aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alikatwa titi la kushoto, akapewa tibakemikali, kisha tiba ya mionzi. Sehemu kubwa ya gharama hizo ililipwa na mfuko wa umma, ule ambao mumewe amekuwa akikatwa mchango katika mshahara kila mwezi tangu alipoajiriwa. Tunashukuru kwa hilo, na yeye anashukuru zaidi yetu. Leo madaktari wanamwambia kwamba hawaioni tena saratani mwilini mwake. Daktari bingwa akamweleza kuwa titi laweza kutengenezwa upya kwa ngozi na nyama ya mgongo wake mwenyewe, akamwandikia maombi ya kibali. Jibu limekuja kwa sentensi mbili: ombi limekataliwa, kwa sababu upasuaji wa urembo haumo katika kitita cha mafao.

Urembo! Ndugu zangu, tunamfahamu mama huyu. Hajapata kupaka rangi kucha zake hata siku ya harusi ya binti yake. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya yetu kwa miaka kumi na minne. Aliacha kwaya baada ya kukatwa, akasema amechoka, nasi tukamwamini. Kumbe sababu ilikuwa sare. Sare ya kwaya hushonwa ikakaa mwilini, naye alikuwa akikunja vipande vya kanga na kuvitia ndani ya sidiria ili pande mbili zilingane. Siku moja, wakati wa maandamano ya vipaji, kipande kimoja kikateleza na kuanguka mbele ya watu. Hakurudi tena mazoezini. Sasa huketi benchi la mwisho, karibu na mlango, amejifunga mtandio mzito hata jua linapowaka, na wakati wa kutakiana amani hutoa mkono kwa mbali ili asikumbatiwe.

Kabla ya kumlaumu mtu mwingine, inatupasa kukiri kosa letu. Mwaka jana mama huyu alikuja ofisini kwetu akasema, "Baba, nimepona, lakini sijarudi." Nasi, kwa wepesi wa mtu mwenye ratiba iliyojaa, tulimjibu, "Mama, mshukuru Mungu kwamba u hai." Jibu hilo lilikuwa la kweli, na lilikuwa la kikatili. Alinyamaza, akaomba baraka, akaenda zake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi, maneno makali mtakayoyasoma hapa chini, tumeanza kujisemea wenyewe.

Hatumlaumu karani aliyetia mhuri. Yeye alisoma neno lililokuwa katika orodha yake, akalitumia. Tunalolipinga ni neno lenyewe, kwa sababu neno hilo ndilo linalonyima. Mtu akisema "urembo", mara moja tunaona mwanamke mwenye fedha aliyechoshwa na pua aliyozaliwa nayo. Hakuna mwananchi ambaye angetaka fedha za umma ziende huko, na sisi pia hatutaki. Lakini tofauti kati ya urembo na tiba haipatikani kwa kutazama kiungo kinachofanyiwa kazi. Inapatikana kwa kuuliza: kiungo hiki kilipatwa na nini? Kama kilichukuliwa na ugonjwa, au kiliondolewa na daktari ili kuuzuia ugonjwa, basi kukirudisha ni sehemu ya kuutibu ugonjwa uleule. Mtu aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari akiomba mguu bandia, je, tunamwambia kwamba anataka urembo? Aliyevunjika taya akaomba liungwe lisikae upande, je, tunamuuliza anataka kumpendeza nani? Mfuko uliolipa kisu kilichokata hauwezi kudai kwamba jeraha la kisu hicho ni jambo la anasa. Waswahili wamesema: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Na si titi peke yake. Fikirini ugonjwa uitwao noma, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwezi Desemba 2023. Huwapata hasa watoto wadogo wa kati ya miaka miwili na sita, wale wenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua au maradhi mengine. Huanza kama kidonda cha ufizi, na katika muda wa siku chache hula shavu, mdomo, hata pua. Ukiwahiwa, dawa za kawaida za kuua bakteria, usafi wa kinywa na chakula bora vyatosha kuuzuia. Usipotibiwa, huua walio wengi, na wanaobaki hai hubaki na uso uliotoboka, hawawezi kutafuna wala kutamka vizuri, na wengine hufichwa ndani na jamaa zao wenyewe. Mjini Sokoto, nchini Nigeria, ipo hospitali iliyofunguliwa mwaka 1999 kwa ajili ya watoto hao, na upasuaji wa kuwajenga nyuso hufanywa bila malipo. Nani atasimama mlangoni pa hospitali hiyo na kusema kwamba mtoto anayetengenezewa shavu ili uji usimwagike amekuja kutafuta urembo?

Au fikirini ukoma. Dawa za ukoma zimetolewa bure duniani kupitia Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1995, nazo huua vimelea kabisa. Lakini vidole vilivyokunjamana havinyooki kwa vidonge. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, nchini India, alilitambua hilo katika miaka ya 1940. Aliona watu ambao vipimo vyao vilikuwa safi, lakini mikono yao haikuweza kushika jembe, na hakuna aliyewapa kazi. Akaanza kuhamisha kano ili vidole vifunguke. Kisha akaona kwamba mkono uliofunguka bado hautoshi, maana uso wenye pua iliyobonyea na usio na nyusi ulikuwa ukimtangaza mtu kabla hajasema neno. Hivyo huko Vellore wakajenga pua, wakarudisha hata nyusi. Nyusi, ndugu zangu! Je, huo ulikuwa urembo? Ulikuwa ufunguo wa kurudi kijijini.

Sasa tuzijibu hoja za wanaotupinga, maana zimekwisha kutufikia, nyingine kutoka ndani ya halmashauri yetu ya walei.

Hoja ya kwanza husema: nchi ni maskini, akina mama wanakufa wakijifungua, watoto wanakufa kwa malaria, iweje fedha ziende kwenye matiti? Hoja hii ni nzito na hatuidharau. Hatusemi mkunga anyang'anywe mkasi ili mpasuaji apewe kisu. Lakini tazameni vizuri inavyotumika. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, yumo mwanamke aliyepinda mgongo kwa miaka kumi na minane. Bwana alipomnyoosha, mkuu wa sinagogi alikasirika. Je, alisema kwamba mwanamke huyo asiponywe? Hapana! Alisema tu kwamba ziko siku nyingine sita za kuja kuponywa. Ndiyo hoja ya kipaumbele katika umbo lake la kale: si leo, mama, njoo siku nyingine. Na Bwana alimjibu kwa kumkumbusha ng'ombe na punda wake, ambao yeye huwafungua na kuwanywesha siku hiyohiyo ya Sabato. Nasi twauliza vivyo hivyo. Tunaoambiwa kwamba fedha hazitoshi, tunaona zinavyotosha kwa magari, kwa posho za vikao, kwa sherehe na fulana zake. Siku zote ng'ombe wa wakubwa hufunguliwa kwa wakati. Mtu atakayefuta kwanza matumizi hayo, kisha akaja kutuonyesha daftari na kutuambia kwamba bado haitoshi, huyo tutamsikiliza kwa heshima.

Hoja ya pili hutoka kwa wachaji: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, Mungu hutazama moyo, kwa nini Mkristo ahangaikie mwili? Wapendwa, Kanisa halikufundisha hivyo. Katekisimu, katika namba 2289, inakataa kuuabudu mwili. Lakini namba inayoitangulia inataja uhai na afya kuwa ni vipaji vya thamani kutoka kwa Mungu, na inaitaka jamii iwasaidie watu wake kupata huduma za afya. Tena, tarehe 4 Oktoba 1958, siku chache tu kabla ya kufariki dunia, Baba Mtakatifu Pio wa 12 alizungumza na madaktari wa Italia wa upasuaji wa aina hii hasa. Hakuwafukuza kama wauza vioo. Aliwafundisha kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa uko chini ya mema mengine yaliyo makubwa zaidi, na kwamba uhalali wa upasuaji hupimwa kwa nia na mazingira yake. Sasa ipimeni nia ya mama yetu: anataka kuimba bila hofu. Kama nia hiyo ni dhambi, tuleteeni kwenye kitubio, nasi tutashangaa pamoja na malaika.

Hoja ya tatu twaitaja kwa aibu, kwa maana ilisemwa kwa mzaha: ana miaka hamsini na mbili, amekwisha kuzaa na kunyonyesha, titi la nini? Aliyesema hivyo anadhani kwamba mwili wa mwanamke ni chombo cha kazi, na kazi ikiisha chombo hutupwa jalalani. Tunamwuliza ndugu huyo: wewe umekwisha kuzaa, je, tukuondoe nini?

Hoja ya nne ndiyo iliyotusumbua zaidi, kwa kuwa inafanana na ile tuliyomjibu mama huyu sisi wenyewe: na abebe msalaba wake, hata Kristo mfufuka alibaki na makovu yake. Ni kweli, alibaki nayo. Lakini aliyachagua mwenyewe, na aliyaonyesha kwa hiari yake kwa wale aliotaka wayaone. Wako wanawake wasiotaka kufanyiwa upasuaji mwingine, wanaolitazama kovu lao kama ushuhuda wa vita walivyoshinda. Hao ni wazima kabisa, na asithubutu mtu yeyote kuwaambia kwamba wamepungukiwa. Wako pia ambao daktari atawaambia kwamba hali ya miili yao hairuhusu. Lakini msalaba ni ule mtu anaoupokea. Ule anaotwishwa na mwenzake ambaye angeweza kumpunguzia mzigo, akakataa, una jina jingine. Simoni wa Kirene hakusimama kando ya njia akihubiri faida za mateso.

Ndugu wapendwa, wako watakaosema kwamba haya ni mawazo mapya ya nchi tajiri. Hebu tuangalie yalikotoka. Upasuaji huu ulikua mkubwa kwa fedha za serikali, wakati serikali hizo zilipokuwa zimefilisika kwa vita. Mwaka 1917, Uingereza ikiwa katikati ya Vita Kuu ya kwanza, ilifunguliwa hospitali huko Sidcup ambako daktari Harold Gillies aliwajenga upya askari waliopasuliwa nyuso kwa risasi na mabomu. Hakuna aliyewaambia askari hao kwamba taya ni urembo. Taifa lilielewa kwamba lililowapeleka vitani ndilo linalopaswa kuwarudisha nyumbani wakiwa na uso. Marekani nayo ilitunga sheria mwaka 1998 kwamba bima inayolipia kukatwa titi kwa sababu ya saratani ilipie pia kulitengeneza upya, pamoja na kulirekebisha titi la pili ili yalingane, na kutibu uvimbe wa mkono unaoweza kufuata. Si nchi ya kuigwa katika kila jambo la afya. Lakini katika hili waliona kwamba kukata na kurudisha ni tendo moja.

Jambo moja la Sidcup limetukaa moyoni. Njiani, kutoka hospitalini kuelekea mjini, baadhi ya mabenchi yalipakwa rangi ya buluu, ili wenyeji wajue kwamba anayeketi hapo huenda akawa mtu mwenye uso wa kutisha, wajiandae au wageuze macho. Vita vya pili vilipokuja, binamu yake Gillies, daktari Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua katika mji wa East Grinstead, na akatenda kinyume chake. Aliwaomba wenyeji wa mji wawapokee vijana hao madukani, katika vilabu na majumbani mwao, wawatazame machoni kama watu. Wenyeji wakakubali, hata mji huo ukapata sifa ya kuwa mji usiokodolea macho. Wagonjwa hao waliunda chama chao mwaka 1941, na wanachama wake walizidi 600. McIndoe alijua kwamba mpasuaji hufanya nusu ya kazi, na nusu nyingine hufanywa na majirani.

Basi, tujiulize: benchi la mwisho la kanisa letu, lile lililo karibu na mlango, limepakwa rangi gani? Nani amelipaka?

Tunajua kuchanga, wapendwa. Tulichanga kengele kwa majuma sita. Mtu akifa, jeneza hupatikana kabla ya jua kutua, na hatumwulizi marehemu kama mbao nzuri na vishikio vya dhahabu ni urembo. Tunaweza kumpamba mtu aliyekwisha kwenda, tukashindwa kumsitiri aliye hai! Mgonjwa haulizwi uji, tunasema. Lakini mgonjwa huyu aliomba mwenyewe, kwa maandishi, akaambiwa kwamba uji ni anasa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza tunawaelekea wenye mamlaka. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na neno "wote" ni neno zuri. Tunaomba katika kila orodha ya mafao neno "urembo" lisiguse kilichoharibiwa na ugonjwa, ajali ya moto au tiba yenyewe. Uamuzi utolewe na jopo la madaktari waliomwona mgonjwa, siyo na neno lililochapwa katika jedwali. Na pale ambapo upasuaji hauwezekani sasa kwa sababu wapasuaji ni wachache, mgonjwa apatiwe walau titi bandia la kuvaa ndani ya sidiria, ambalo gharama yake haiwezi kulinganishwa na upasuaji. Asiyeweza kutoa yote asikimbilie kutotoa chochote.

La pili tunawaomba ninyi. Mama huyu anakata rufaa, na Alhamisi tutakwenda naye sisi wenyewe, tukiwa na barua ya daktari wake. Akina mama wa WAWATA wamekubali kuandika barua kwa mbunge wetu. Tunawaomba wanaume nao waitie saini, maana wao pia wana wake, mama na mabinti. Hatutaki barua ya matusi. Tunataka barua yenye majina mengi.

La tatu ni dogo, na halihitaji kibali cha mtu. Kamati ya kwaya imekutana juzi, na imeamua kwamba sare mpya itashonwa pana, yenye mtandio kwa waimbaji wote, wanene kwa wembamba, wazee kwa vijana. Hakuna atakayetangaza sababu. Kwa kufanya hivyo hatumalizi deni la mfuko wa umma, na mtu asije akatuambia kwamba mtandio umetosha. Deni liko palepale.

Katika Injili ya Marko, sura ya 3, Bwana alipomkuta mtu mwenye mkono uliopooza, hakumponya pembeni, kwa siri. Kwanza alimwambia asimame katikati ya watu wote, kisha ndipo mkono ukanyooshwa. Wale waliokuwa wakimtazama ili wamshitaki walinyamaza, na Injili inasema kwamba ukimya wao ulimkasirisha na kumhuzunisha. Ndugu zangu, tusiwe sisi wenye ukimya ule. Mama yetu amesema kwamba amepona lakini hajarudi. Nafasi yake katika kwaya, safu ya pili, ya tatu kutoka kushoto, haijapewa mtu.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu